Bia za Kijana wa Leeds

Mwanafunzi wa Kiingereza aliyetimiza miaka 18, umri ambao sheria ya nchi yake humruhusu kununua kileo, akifika chuo kikuu mwishoni mwa Septemba na sanduku lake la nguo na sufuria mbili alizopewa na mama yake, hukuta mbele yake masomo ya namna mbili: yale yaliyoandikwa katika ratiba, yenye wahadhiri na mitihani, na lile ambalo halikuandikwa popote lakini wenzake wote hulihudhuria bila ya kukosa, nalo ni somo la kunywa bia. Yale ya kwanza humchukua miaka mitatu, na mwisho wake hutunukiwa shahada. Hili la pili wengine hulimaliza kwa muhula mmoja wakajuta, wengine hulirudia maisha yao yote bila ya kufuzu, na wachache, ambao habari yao ndiyo iliyonisukuma kushika kalamu, hulisoma kwa subira na ustadi hata ndimi zao zikapata elimu.

Mimi nililelewa katika nyumba ya pwani ambayo kileo hakikuvuka kizingiti chake, wala sikukionja nilipokaa Leeds, mji ule ule alikosoma Wole Soyinka katika miaka ya 1950 na Ngũgĩ wa Thiong'o katika miaka ya 1960. Kwa hiyo msomaji asitaraji kutoka kwangu ushahidi wa ladha: niliyoyajua juu ya ladha niliyasikia kwa masikio, na mengine niliyaona nikiwa na bilauri ya maji ya ndimu mkononi. Huenda hiyo ikawa kasoro ya shahidi, na huenda ikawa ndiyo sifa yake, kwa maana katika majlisi ya wanywaji aghalabu ni mtu mmoja tu anayekumbuka kwa usahihi, asubuhi ya pili, hoja zilizotolewa usiku, naye ni yule asiyekunywa.

Nilikuwa na sahibu, kijana wa Suffolk aliyekuja Leeds kusoma kemia, mtaratibu wa mwendo, mwenye fedha kidogo na hoja nyingi, ambaye alizipanga bia za nchi yake daraja daraja na kuijua nasaba ya kila moja: mji ilikozaliwa, maji yaliyoipikia, ukoo ulioipika na jirani aliyeihusudu. Juu ya zote aliiweka Landlord, bia ya Timothy Taylor wa Keighley, mji wa viwanda vya sufu usio mbali na Leeds, ambako kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1858 na ambako hupika kwa maji ya chemchemi yake yenyewe ya Knowle. Kileo chake ni asilimia 4.3, na sahibu yangu alishikilia kwamba mtu akitaka kumfahamisha mgeni kwa nini Waingereza huipenda bia yao chungu, basi amnunulie Landlord kisha anyamaze. Chini ya hiyo iliwekwa Tetley, bia ya Leeds kwenyewe, yenye kileo cha asilimia 3.7, iliyokuwa ikipikwa kando ya mto Aire tangu mwaka 1822, na ambayo harufu ya kimea chake ilitanda juu ya mitaa ya jirani siku za upishi. Hiyo ndiyo aliyoinywa zaidi ya nyingine zote, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu na ilipatikana kila mahali. Ama bia ya Adnams, inayopikwa Southwold katika pwani ya kwao, hakuitia katika daraja lolote. Alisema mtu hampimi mama yake.

Lakini habari aliyoipenda kuisimulia kuliko zote ilikuwa ya Masham, mji mdogo katika mabonde ya kaskazini ya Yorkshire, ambako ukoo wa Theakston ulianza kupika bia mwaka 1827. Bia yao kuu, Old Peculier, nyeusi, nzito, yenye kileo cha asilimia 5.6, imechukua jina lake kutoka kwa mahakama ya kanisa ya mji huo, iliyokuwa na mamlaka yake mbali na yale ya askofu mkuu wa York, na muhuri wa mahakama hiyo ungali unaonekana katika chapa yake. Katika miaka ya 1980 kiwanda kile kilitoka mikononi mwa ukoo kikamezwa na makampuni makubwa, na mmoja wa wana wa ukoo, Paul Theakston, badala ya kukaa akilia urithi uliopotea, akafungua mwaka 1992 kiwanda chake mwenyewe katika mji huo huo, akakiita Black Sheep, yaani kondoo mweusi, akijifanyia mzaha yeye mwenyewe kwa jina ambalo Waingereza humpa mtoto aliyewaaibisha wazee wake. Baadaye ndugu wengine wa ukoo wakakikomboa kile cha kwanza pia. Ndipo Masham, mji ambao mtu huuvuka kwa miguu kabla kiatu hakijapata vumbi, ukawa na viwanda viwili vya bia vilivyotoka katika tumbo moja, na mnywaji aliyeagiza bilauri ya mmoja wao akawa, apende asipende, ameingia katika kesi ya ndugu.

Yafaa nieleze bia hii ni kitu gani, kwa kuwa wengi wetu tuliozoea kuona chupa ikitolewa barafuni tumesikia kwamba Waingereza wanakunywa bia ya moto, tukawacheka bure. Bia chungu ya Kiingereza hupikwa kwa kimea cha shayiri, kwa maua ya mmea uitwao hopsi, unaolimwa sana katika jimbo la Kent, na kwa hamira. Ikiisha kupikwa hutiwa katika pipa hali hamira yake ingali hai, ikapelekwa katika ghala ya chini ya ardhi ya nyumba ya bia, na huko huendelea kuchachuka taratibu. Mwenye nyumba huipumzisha, hulitoboa pipa lake na kutia kijiti cha kupitishia hewa, huingoja itulie, na iwe safi kwa msaada wa ute utokanao na kibofu cha samaki, kiungo kile kile ambacho wavuvi wa Ziwa Victoria hukiita bondo. Jambo hili sahibu yangu mkemia alilieleza kwa furaha, na mwenzetu mmoja asiyekula nyama wala samaki alilisikia kwa majonzi. Ghala hukaa kwenye nyuzi za joto 11 hadi 13, nayo bia huvutwa kutoka huko kwa mkono, kwa pampu ya mtindo ambao Joseph Bramah aliuandikisha serikalini mwaka 1797. Tangu siku pipa lilipofunguliwa hewa huingia kila bia inapotoka, na baada ya siku tatu hivi ladha huanza kuharibika.

Mtu wa pwani hana haja ya kufundishwa zaidi. Tembo la mnazi lililogemwa alfajiri huwa tamu, la adhuhuri huwa kali, na la kesho yake ni siki. Kinywaji kilicho hai hakingoji mtu, wala hakiwezi kusafirishwa mbali, na ndiyo sababu kila kijiji hujua mgema wake kwa jina. Bia ya pipa ya Kiingereza imo katika hukumu hiyo hiyo. Nayo methali yetu ya mgema asifiwaye akalitia tembo maji ingewafaa sana Waingereza wa miaka ya 1960, pale makampuni machache makubwa, yaliyokwisha kununua viwanda vidogo na nyumba zao, yalipoamua kwamba bia iliyo hai ni usumbufu, yakaichuja, yakaiua hamira kwa joto, yakaisukuma kwa gesi, yakaitia baridi ili upungufu wake usijulikane, na kuitangaza kwa mabango nchi nzima. Iliyokuwa mashuhuri katika hizo ni Red Barrel ya kampuni ya Watney, ambayo jina lake limebaki katika vinywa vya wazee kuwa mfano wa kitu kibaya kilichosifiwa sana. Mwaka 1971 vijana wanne wa kaskazini magharibi ya Uingereza, wakiwa safarini huko Kerry katika Ireland, walikata shauri kuanzisha chama cha kuitetea bia ya kale, na chama hicho, kijulikanacho kwa jina la CAMRA, kikaenea hata kikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya walaji katika Ulaya. Ni nadra katika dunia hii kuona malalamiko ya wanywaji yakishinda fedha za matajiri. Hapo yalishinda, walau kwa muda.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelitafakari zaidi. Mgeni akiziangalia zile asilimia, 3.7 na 4.3, hujiuliza kwa nini taifa lenye sifa ya kupenda ulevi likajipikia kinywaji chepesi hivyo. Jawabu limo katika Vita Kuu ya Kwanza. Kabla ya vita hiyo bia ya Waingereza ilikuwa nzito zaidi. Lakini mwaka 1915 Lloyd George, waziri wa fedha wa Uingereza, alihutubia akakihesabu kileo kuwa adui mkubwa kuliko Wajerumani, kwa kuwa wafanyakazi wa viwanda vya silaha walikesha wakinywa na kuchelewa kazini, na Mfalme George wa Tano mwenyewe akaapa kuacha kunywa hata vita viishe. Ushuru ukapandishwa, nafaka ikapunguzwa, bia ikawa nyepesi, na ingawa baada ya amani ilipata nguvu kidogo, haikurudi ilikokuwa. Saa za kufungua zikakatwa. Nyumba za bia zikalazimishwa kufunga mchana, amri iliyodumu hata mwaka 1988, na usiku zikawa na mwisho wake, ambao katika siku nilizokuwa mimi huko ulikuwa saa tano. Na mwaka huo huo wa 1915 ikatoka amri ya ajabu zaidi ya zote, iliyomkataza mtu kumnunulia mwenziwe kileo, hata mke wake, kwa kuhofia kwamba ukarimu ndio mama wa ulevi.

Amri hii ya mwisho ilikufa pamoja na vita, na hizo nyingine zikabaki zikizaa kitu ambacho waliozitunga hawakukikusudia. Kwa kuwa bia ilikuwa nyepesi na painti ni nyingi, mililita 568 katika bilauri yenye muhuri wa taji, kijana aliweza kukaa nayo muda wa mjadala mzima. Na kwa kuwa kengele ingelia saa tano, naye akapewa dakika 20 za kumaliza kilichomo mkononi, jioni ilikuwa na mwanzo na mwisho, na mtu alijua kwamba asiposema neno lake sasa halitasemwa. Sheria zilizowekwa ili mafundi wa mizinga wafike kazini wakiwa na akili zao ndizo zilizowapa wanafunzi wa baadaye jioni bora za ujana wao. Niliwasikia katika nyumba iitwayo Fenton, karibu na chuo, wakibishana juu ya Mungu, juu ya mpira, juu ya asili ya lugha, na juu ya jambo ambalo lilinishangaza kwa ukali wake: iwapo mdomo wa pampu utiwe kile kitundu chenye vijitobo kinachoifanya bia itoke na povu zito jeupe, kama wapendavyo watu wa Yorkshire, au kisitiwe, kama wapendavyo watu wa kusini, ambao huona povu ni hila ya kumpunja mnywaji. Sahibu yangu, mtu wa Suffolk aliyeipenda bia ya Yorkshire, hakuwa na kabila la kumtetea katika ugomvi huo.

Ile desturi ambayo amri ya 1915 ilitaka kuiua ndiyo iliyonitia mashakani mimi. Watu watano wakikaa pamoja, kila mmoja kwa zamu yake huwanunulia wote, na anayeondoka kabla ya zamu yake huandikwa katika daftari lisilofutika. Wenzangu hawakutaka kunihesabu, kwani maji yangu ya ndimu yalikuwa na thamani ya chenji. Lakini kula ukarimu wa watu bila ya kurudisha ni aibu kwetu kama ilivyo kwao, na kwa upande wa pili, katika dini yangu anayemnunulia mwenziwe kileo hana wepesi wa hesabu kuliko anayekinywa. Tulisuluhishana kwamba zamu yangu itakuwa ya njiani, baada ya kengele, katika duka la samaki na viazi vya kukaanga, na nadhani hapana aliyelipwa deni lake kwa furaha zaidi kuliko wale vijana waliposimama katika baridi ya Novemba wakila viazi vyenye siki.

Vyuo na kileo vilikuwa pamoja tangu zamani, na si kwa heri siku zote. Tarehe 10 Februari 1355, huko Oxford, wanafunzi waliokuwa katika baa ya Swindlestock hawakupendezwa na mvinyo waliopewa, wakamwambia mwenye nyumba maneno, naye akawajibu, wakamrushia mvinyo usoni. Kengele za makanisa zikalia, mji ukasimama juu ya chuo na chuo juu ya mji, na ilipotulia fitina hiyo watu wa chuo 63 walikuwa wamekufa kwa hesabu iliyopokewa, na wa mji wapatao 30. Meya na raia wa Oxford walitozwa kila mwaka kwenda kutubu na kulipa peni moja kwa kila mwanachuo aliyeuawa, na toba hiyo haikuondolewa ila mwaka 1825. Kwa upande wa heri, ilikuwa ni katika baa ya Eagle huko Cambridge, wakati wa chakula cha mchana tarehe 28 Februari 1953, kwa masimulizi ya James Watson, ambapo mwanasayansi Francis Crick aliwatangazia waliokuwa wakila kwamba yeye na Watson wamevumbua siri ya uhai. Sijui ni watu wangapi kati ya wale walioinua vichwa kutoka katika sahani zao.

Sitaki msomaji adhani ninakitetea kileo. Niliyaona pia yale mengine. Leeds ina mwendo wake mashuhuri uitwao Otley Run, ambao wanafunzi, wakiwa wamevaa nguo za kinyago, wengine za wauguzi, wengine za wafalme wa Misri, huanzia Far Headingley wakateremka barabara hadi katikati ya mji, wakiingia kila baa iliyo njiani, pamoja na Skyrack na Original Oak zinazotazamana karibu na kanisa, na kunywa katika kila moja. Hapo bia ya Keighley na bia iliyokufa ni sawa, kwa kuwa ulimi hauulizwi neno. Oxford nako, mwaka 1954, mwanafunzi kutoka Australia aitwaye Bob Hawke, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa nchi yake, alimaliza painti mbili na nusu kwa sekunde 11, akaingia katika vitabu vya rekodi, na mwenyewe aliandika baadaye kwamba huenda tendo hilo lilimpatia kura nyingi kuliko mengine aliyoyafanya. Sahibu yangu hakuwa na heshima kwa ushujaa wa namna hii. Alisema bia ile haikunywewa, ilimwagwa tu mahali penye giza.

Nami nakubaliana naye. Ubaya mkubwa niliouona kwa wanafunzi wa Kiingereza ulitokana na haraka. Waliougua, waliopigana, waliochukuliwa hospitali usiku, aghalabu hawakutoka katika ile meza ya painti tatu na mabishano. Walikuwa wamekunywa vodka ya bei ya chini vyumbani mwao kabla ya kutoka, ili wafike katika kumbi za dansi wakiwa wameshalewa, maana ndani ya kumbi hizo bei ni ghali na muziki haumpi mtu nafasi ya kusema. Tena maisha yaliwabana: ada ya chuo, ambayo haikuwapo kwa vizazi vilivyotangulia, iliingia mwaka 1998 kwa pauni 1,000, ikafika 3,000 mwaka 2006, na 9,000 mwaka 2012, na mwenye deni la namna hiyo huhesabu kila bilauri. Saa tano nayo si mwisho tena, kwa kuwa sheria mpya iliyoanza kazi Novemba 2005 ilimpa kila mwenye nyumba uwezo wa kuomba saa zake. Kiwanda cha Tetley kando ya mto Aire kilifungwa mwaka 2011, na bia yenye jina hilo ikawa inapikwa kwingine. Nyumba nyingi za bia zimefungwa nchini humo. Vijana wa sasa wanakunywa kidogo kuliko walivyokunywa kaka zao miaka 20 iliyopita, na jambo hilo ni jema kwa maini yao. Lakini iwapo wamepata mahali pengine pa kukaa saa tatu wakibishana na mtu wasiyekubaliana naye, mimi sijaonyeshwa mahali hapo.

Basi wewe kijana wetu unayefunga mizigo kwenda kusoma Leeds, Sheffield au Newcastle, nakuomba usikatae mwaliko wa wenzako kwa sababu tu hunywi. Nenda, uwaambie mapema kwamba hunywi, kwani hapana atakayekulazimisha ukisema kwa adabu na mara moja. Chukua maji yako ya ndimu, uwaulize bia yao imepikwa mji gani na nani, ulipe sehemu yako kwa njia isiyovunja dini yako, na siku watakapoanza kuvaa nguo za kinyago, waage kwa heri urudi ukasome.